Sungura wa Kibanda cha Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua tena. Nimekata matembele nikiwa nimejifunika gunia, na bado nimerudi nimelowa hadi mgongoni. Sungura hawajali. Wanataka kula tu.

Vibanda ni vitatu, nyuma ya jiko la Mama. Wa kibanda cha kwanza hawapati kitu ila majani na maji. Wa cha pili wanapewa dexa, vile vidonge vya deksamethasoni, kila asubuhi, imesagwa katika maji, kwa sindano isiyo na ncha. Wa cha tatu wanapewa pia, ila keshokutwa watakatishwa dawa, tuone kama figo zao zitarudi sawa. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kumaliza masomo ya mifugo: dexa inafanya nini kwa mafuta yaliyo ndani ya figo. Wenzangu walichukua ng'ombe. Mimi nilichukua dexa kwa sababu sokoni kwetu Masisi inauzwa kama karanga, na wanawake wanaimeza wanenepe.

Leo nimechinja mmoja wa kibanda cha kwanza na mmoja wa cha pili. Figo nimezipeleka hospitali kwa Papa Janvier, mtu wa maabara, anayeniachia darubini wagonjwa wakipungua. Figo ya kwanza nyekundu, imara, safi. Ya pili imepauka kama haragwe lililolowekwa. Kisu kimetoka kinateleza. Tumetia ile rangi inayoshika mafuta peke yake. Matone mekundu kila mahali, yamejaa ndani ya vijifereji vya mkojo. Papa Janvier ameangalia sana, halafu: "Sasa hii iko figo ao iko mukate wa siagi?"

Nimecheka. Kisha raha imenitoka. Tangu hapo nazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Vipande vingine viko katika chupa. Vitapita Bweremana, kisha kwa mashua hadi Bukavu kwa Profesa wangu. Huko kuna mashine ya kupima mafuta aina kwa aina, kolesteroli mbali, mengine mbali. Njia ikifunguka. Kwetu kila kitu ni njia ikifunguka.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimewakatishia dawa wa kibanda cha tatu. Mara moja, kama Profesa alivyopanga. Kazi ya asubuhi imepungua.

Watu wanadhani dexa inanenepesha. Si kweli. Tumbo linajaa, mashavu yanajaa, lakini pitisha kidole mgongoni: mifupa. Unono wa uongo.

Sifa amejaribu kikwembe, kitenge kipya cha kwenda nacho Mpofi. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Anaolewa na Heri, fundi wa kujenga aliyefanya kazi kwetu msimu uliopita, mtu wa Walikale. Jumapili anakwenda na shangazi kuonyeshwa kwa wakwe, huko Mpofi. Majirani wamekuja kumwangalia, wote wanasema yaleyale. Amependeza. Amenenepa. Mungu amefanya. Tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi alikuwa mfupa mtupu. Mama amefurahi hata ameimba.

Mimi nimetoka nje nikasimama mvuani. Kuna kitu kinanikera na sipati jina lake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jina nimelipata.

Nilikuwa namsuka Sifa. Nimemwinamisha kichwa, nikaona nyuma ya shingo: nundu ya mafuta, laini. Uso wa mviringo. Mikono ileile myembamba ya zamani. Nimeishika ile shingo kama ninavyoshika ya sungura, vidole vikajua kabla yangu.

"Unameza nini?"

"Simezi kitu."

"Sifa."

 Halafu kilio. "Vile vya kwenye soko. Tangu wakati wa kupanda maharagi. Mama yake Heri aliona picha yangu, akasema niko kama muntu wa kifua kikuu. Ulitaka nifanye nini, dada? Niende bukwe, kwabo Heri, kama fimbo?"

Nimekasirika kupita kiasi. Nimemweleza figo ya kibanda cha pili, ile rangi yake, ule utelezi wa kisu. Nimesema yako iko hivyo hivyo sasa. Amelia mpaka amekohoa. Nimechukua kipakiti chake chote nikakitumbukiza chooni. Nimemshikisha Biblia ya Mama.

"Hata kimoja."

"Hata kimoja, dada Maombi. Lakini usiambie Mama."

Sikumwambia Mama. Nimejisikia mtu mzima. Nimejisikia nimeokoa mtu. Nalala vizuri leo.

Jumapili, 12 Oktoba

Wameondoka baada ya misa. Pikipiki mbili, shangazi mbele na mzigo wake wa viazi, Sifa nyuma. Alikuwa mnyonge kidogo. Alisema viungo vinamuuma na hana hamu ya kula. Nikamwambia ni woga wa wakwe. Amecheka.

Nyumba imekuwa kubwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Sungura mmoja wa kibanda cha tatu hakuinuka asubuhi. Amelala ubavu, masikio baridi. Majani ya jana yapo vilevile. Nimempa maji kwa sindano, yametoka pembeni ya mdomo. Amekufa kabla sijamaliza kufagia.

Nimedhani ni kuhara, ule ugonjwa wa matumbo wa majira ya mvua. Nimempasua. Matumbo safi. Figo bado zimepauka, ingawa si kama zile za kibanda cha pili. Juu ya figo kuna tezi ndogo, moja kila upande. Kwa sungura wa kibanda cha kwanza ilikuwa kama punje ya mtama. Kwa huyu nimeitafuta kwa shida. Imenyauka.

Nimerudi kuwaangalia wengine wa kibanda cha tatu. Wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama. Kibanda cha pili, wanaoendelea kumeza sumu kila asubuhi, wanakula na kurukaruka.

Sielewi. Waliopumzishwa ndio wanaoumwa.

Nimempigia Sifa. Mtandao wa Mpofi haupatikani.

Jumatano, 15 Oktoba

Wamekufa wengine. Kibanda cha tatu karibu kinaisha.

Nimemkimbilia Papa Janvier na tezi katika kikopo. Ameivaa miwani, ameivua. "Hii inanipita, mwanangu. Twende kwa Dokta." Dokta alikuwa anatoka kupasua mtu, bado ana kofia kichwani. Ameiangalia ile tezi mara moja tu. Amenieleza hukohuko kwenye kibaraza, taratibu, na kila neno nimelisikia likianguka.

Tezi hiyo inatengeneza yenyewe kitu kinachofanana na dexa. Kidogo, kila siku. Ndicho kinachomshikilia mtu akiugua, akichoka, akipata baridi. Ukileta dexa kutoka nje muda mrefu, tezi inaona kazi yake imechukuliwa. Inalala. Ukiikata dexa ghafla, tezi bado imelala. Mwili unabaki hauna kitu. Homa ndogo au safari ndefu inatosha kumwangusha. Dawa hiyo haikatwi. Inapunguzwa, pole pole, kwa majuma.

Nimeuliza: na mtu ni hivyo hivyo?

"Mtu ndiye zaidi," amesema. Kisha ameniangalia. "Ni mtu gani?"

Nimemwambia. 

Amekaa kwenye benchi akaandika barua kwa mwuguzi wa Mpofi. Sindano ya dawa hiyo hana, akiba ya hospitali imekwisha tangu magari yaache kupanda. Amesema nitafute vidonge popote, nifike, na njiani nimwombe Mungu watu wa huko wasimpe kitu cha kumtapisha.

Mimi ndiye niliyemwambia aache. Mimi na ile Biblia ya Mama. 

Alhamisi, 16 Oktoba

Sikuondoka. Motari, waendesha pikipiki, wote wamekataa. Risasi zimesikika upande wa Nyabiondo tangu alfajiri, barabara imefungwa.

Nimekwenda sokoni. Yule mama anayeuza dexa katika sinia, katikati ya sabuni na viberiti, ameniangalia kuanzia miguu hadi kichwa. "Na weye unataka kunenepa? Njo vizuri. Wanaume bataanza kukuona." Nimechukua vidonge vyake. Nilitaka kulipindua lile sinia. Sikulipindua. Ninavihitaji.

Kwa Mama nimesema yote. Hakunigombeza. Ameketi kwenye kigoda, akavua kitambaa cha kichwani, akakikunja, akakifungua, akakikunja tena. Ingekuwa afadhali anigombeze.

Waliobaki kibanda cha tatu nimewarudishia dawa, nusu ya ile ya zamani. Papa Janvier amekubali kuja kuwapa nikiwa njiani, akipunguza kidogo kidogo. Sijui kwa nini nahangaikia sungura sasa. Labda kwa sababu hao nawafikia.

Siwezi kukaa. Siwezi kusimama. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Naandika Kashebere, nyumbani kwa katekista, kwenye benchi lake. Motari mmoja alikubali. Mtu mzima, mkimya, ana rozari kwenye usukani. Matope hadi magotini. Mara tatu nimeshuka kusukuma, baada ya hapo nimeacha kuhesabu.

Bariere ya kwanza, kizuizi cha wanajeshi, tumepita. Bariere ya pili ni ya wale wengine, wa msituni. Kijana mwenye bunduki amefungua mfuko wangu akakuta vidonge.

"Unapelekea nani dawa? Unatibu ba adui?"

Nimesema iko ya mdogo wangu, anaumwa Mpofi. Amesema kila muntu anayepita hapa ana mdogo wake. Amesema labda ni sumu. Nimetoa kimoja nikakimeza mbele yake, bila maji. Kimekwama kooni. Ameniangalia nikihangaika kukimeza, akacheka, akarudisha vingine. Simu yangu amebaki nayo.

Daraja la miti limechukuliwa na mvua. Wanalifunga upya kwa kamba za porini. Hakuna kuvuka hadi kesho. Ningeweza kuogelea lakini sijui kuogelea. Nimekaa nikitazama maji hadi mke wa katekista akaja kunishika mkono: "Mama, njoo ukule. Maji haitakauka kwa sababu unaiangalia."

Bugali imenishinda. Uchungu wa kidonge bado uko mdomoni.

Jumapili, 19 Oktoba

Mpofi. Jana sikuandika. Leo naandika ili mikono ipate kazi.

Tumefika jana mchana. Tumesikia nyumba kabla ya kuiona. Uwanja umejaa watu. Nimedhani ni kilio. Nimeruka kutoka kwenye pikipiki ikiwa bado inatembea, nimeanguka, nimeinuka.

Hakuwa amekufa. Alikuwa juu ya mkeka, macho yamezama ndani, midomo imepasuka. Heri ameshika beseni. Shangazi amejifunga tumbo kwa kikwembe kama mtu aliyefiwa. Sifa alianza kuanguka Jumatano: kutapika, tumbo, miguu kukataa. Na watu walishapata jina la ugonjwa. Karuho. Sumu. Kwetu mtu akitapika ugenini, hakuna anayeuliza swali lingine. Walimnywesha majani ya kutapisha. Mara mbili.

Na mwenye kutia sumu walishampata. Mama Feza, mjane, jamaa ya baba yake Heri. Siku Sifa alipofika, ndiye aliyempikia sombe, yale majani ya muhogo, na nyama ya porini. Vijana walikuwa wamemkalisha kwenye matope, ukutani, wamemzunguka na fimbo. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa chini, kimekanyagwa. Hakuwa analia. Alikuwa anajipangusa goti moja, lilelile, tena na tena.

Nimempa Sifa kidonge. Amekitapika. Nimempa kingine, kimetoka. Nimemwambia Heri ambebe tuende sante, kituo cha afya. Amembeba kama mtoto. Sifa amenishika shati akanivuta karibu, akaninong'oneza:

"Dada, usiseme. Bataniacha."

Mwuguzi wa pale ni mama wa makamo, Mama Vumilia. Amesoma barua ya Dokta amesimama, na kabla hajafika mwisho mkono wake ulishafungua kabati. Kulikuwa na sindano. Chache, za watoto wa pumu. Amechoma, ametundika maji ya chumvi na sukari. Amesema tungoje. Shinikizo la damu lilikuwa chini hata amepima upya akidhani kipimo kimeharibika.

Nilipaswa kubaki pale. Kila kiungo kilitaka kubaki. Lakini kutoka dirishani sauti za uwanja zilikuwa zinapanda.

Nimerudi. Nimepita katikati ya vijana hadi ukutani. Baba mdogo wa Heri, mkubwa wa nyumba ile, alikuwa kwenye kiti. Nimepiga goti mbele yake kama inavyotakiwa, kisha nimesimama ili wote wasikie.

"Papa, si karuho. Hakuna muntu alimutilia kitu. Sifa alikuwa anameza dawa ya kunenepa, tangu miezi. Mimi njo nilimuambia aache mara moja, na haiachwi mara moja. Njo imemuangusha. Mukitafuta mwenye makosa, niko hapa. Muache huyu mama."

 Mtu mmoja amecheka kwa nyuma. Kijana mwenye fimbo kubwa akasema dada anamfichia nani, pengine amelipwa. Mama yake Heri ndiye aliyenisogelea. Mwanamke mnene, uso mzuri.

"Dawa ya kunenepa? Sasa mutoto alikuwa anataka kunenepa kwa nini?"

 Nimemwangalia tu. Nimeona neno lake mwenyewe likimrudia taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Ameketi chini palepale, kwenye matope, na kikwembe chake cha kanisani.

Baba mdogo amesema hatamwachia Mama Feza kwa maneno. Tungoje sindano. Kama ni dawa, mtoto atainuka. Kama ni karuho, tutaona. Basi uwanja mzima umengoja. Mimi nimekaa ukutani, karibu na Mama Feza.  Nimeokota kitambaa chake, nimekikung'uta, nimempa. Amekishika bila kukivaa.

Jua lilikuwa bado liko juu ya miti Heri alipotoka mbio sante. Sifa ameongea. Ameomba uji. Amekaa.

Watu wametawanyika kama watu wanaotoka sokoni, wakizungumza habari nyingine. Mama Feza ameinuka peke yake. Hakuna aliyemsaidia, maana nilipomshika kiwiko ameuondoa mkono wangu. Amekwenda kwake bila kumtazama mtu.

Nilipoingia sante, Sifa alikuwa ameegemea mto, kikombe mikononi. Uso umepata rangi. Alikuwa ameshasikia. Amenitazama mara moja, akageuka ukutani.

Jumanne, 21 Oktoba

Anakula. Anatembea hadi chooni na kurudi. Mama Vumilia amempangia vidonge, asubuhi, kila juma pungufu kidogo. Anavimeza mbele yangu akiwa amefumba macho. Ni dawa ileile niliyoitumbukiza chooni.

Haongei na mimi. Na shangazi anaongea. Na Heri, na wagonjwa wenzake, hata na mbuzi anayepita mlangoni. Nikiingia, kimya.

Mama yake Heri amempelekea Mama Feza kapu la mihogo na kuku. Mlango haukufunguliwa. Kuku amerudi nyumbani kwa miguu yake.

Wazee wamekaa. Wametuita. Wamesema habari ya ndoa ingoje kwanza. Hawakusema hapana. Wamesema ingoje. Sifa alikuwa ameinamisha kichwa, na ile nundu ya shingoni ilionekana na kila mtu. Nilitaka kuifunika na mkono.

Ningesema tena? Ndiyo. Ningesema tena. Na bado ninajichukia. Yote mawili yanakaa tumboni kwangu na hayapatani.

Jumapili, 26 Oktoba

Nyumbani. Njia ilichukua muda, tumelala mara mbili. Sifa alipanda pikipiki na shangazi, si na mimi.

Mama alikuwa barabarani anatungoja. Amemshika Sifa uso kwa mikono miwili, akaugeuza huku na huku kama anayechagua nyanya. "Yesu wangu. Na mimi nilikuwa naimba."

Kibanda cha tatu amebaki sungura mmoja. Jike, kijivu, sikio limechanika. Papa Janvier amekuja kila asubuhi, hata siku ya risasi. Amempunguzia dawa kama tulivyopatana. Anakula majani mkononi mwangu sasa, kwa pupa, ananiuma.

Profesa ametuma ujumbe kwenye simu ya Papa Janvier, umefika leo na siku zake nyingi. Anauliza matokeo. Nimemjibu: kibanda cha tatu kimekufa kwa sababu mpango wetu ulikuwa mbaya. Nimeandika "wetu". Nimefuta, nikaandika tena "wetu".

Jumapili, 9 Novemba

Siwezi kutulia katika nyumba hii. Tunapishana kwenye mlango wa jikoni, Sifa na mimi, kila mmoja anampisha mwenzake kama wageni hotelini. Mama anatuma maneno kati yetu. Mwambie dada yako chumvi imekwisha. Mwambie mdogo wako kuni ziko nje.

Uso wake unashuka. Wanawake wa jirani wamebadilisha wimbo: maskini, amekonda, pengine Heri amemkataa. Jana mmoja amemuuliza mbele yangu kama hajui dawa nzuri ya kurudisha mwili. Nilifungua mdomo. Sifa ameniwahi.

"Niliijua. Iliniua kidogo." Akaendelea kutwanga.

Wale wanawake wameondoka mapema.

Nimeanza kuwaambia watu, mmoja mmoja. Kwenye kisima, baada ya misa. Ukiwa unameza, usiache leo, nenda kwanza hospitali, useme ukweli. Nusu wananiambia hawamezi. Wengine wanauliza, kwa sauti ya chini, inapunguzwa namna gani. Nawapeleka kwa Dokta. Leo nilimpeleka mmoja ambaye sikumdhania kabisa.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemchinja yule jike wa kijivu. Nilichelewesha nilivyoweza. Dawa alishaimaliza, pole pole, na alikuwa mzima, na kazi ilimngoja yeye.

Figo: nyekundu. Si kama ya kibanda cha kwanza, lakini nyekundu. Chini ya darubini, matone bado yapo, machache, yametengana. Tezi ya juu imerudi, ndogo lakini inaonekana bila kutafutwa. Papa Janvier ametazama, akanipisha kiti. "Inarudi," amesema. "Haina haraka, lakini inarudi."

Sungura mmoja si ushahidi. Nimeliandika hilo kwenye ripoti, kwa herufi kubwa. Vipande viko kwenye chupa. Njia ya Bweremana inasemekana imefunguka hadi Jumatano.

Nyama Mama ameizika. Hakuna aliyeuliza kwa nini hatuili.

Jumamosi, 22 Novemba

Heri amekuja. Bila wazee, bila taarifa, matope hadi kiunoni. Ametoka Mpofi kwa kubebwa na kutembea.

Sifa alikuwa anachagua maharagi kwenye ungo, amevaa sweta langu la zamani. Ni mwembamba tena. Ile nundu ya shingoni imelala. Aliinuka, akakaa, akainuka. Heri ameondoa kofia. Wameangaliana kama watu wanaojuana kutoka zamani sana. Mama ameniita nikateke maji ambayo hayakuhitajika.

Niliporudi Heri alikuwa anaongea na Mama. Wazee wamekubali ndoa iwe baada ya Noeli. Mama yake amemtuma aseme mtoto aje jinsi alivyo. Mama Feza amehamia Hombo kwa mwanawe na hakuaga mtu. Hilo alilisema mwisho, akitazama chini. 

Amekula, amelala kwenye kiti. Mvua imeanza, ile nyepesi isiyo na upepo. Nimeingia jikoni kugeuza mateke, magimbi yetu, kwenye sufuria. Sifa ameingia nyuma yangu na ungo wake. Sikugeuka. Nilingoja atoke. Amevuta kigoda, akakaa upande wa pili wa moto, akaendelea kuchagua maharagi. Mawe madogo anayarusha mlangoni, moja moja.

Tumekaa hivyo hadi maji ya sufuria yameanza kukauka.

"Dada," amesema. "Punguza moto. Inaungua."

Nimevuta ukuni mmoja nje.